Babu alisema mji haukuwa na halmashauri, mtoto amefundishwa ni 1949: nani mkweli?

"Shikamoo mwalimu. Familia yetu ina nyumba Kariakoo tangu enzi za Mwingereza. Marehemu babu alikuwa akituambia kwamba ujanani mwake Dar es Salaam haikuwa na halmashauri yoyote. Mji ulikuwa wa liwali na mzungu wa boma, basi. Sasa mwanangu amerudi shuleni na somo kwamba serikali ya mji ilianza 1949. Kwingine nimesoma 1920, na rafiki yangu anashikilia kuwa walioanzisha ni Wajerumani. Nimechanganyikiwa. Nani alianzisha, na sisi tuliingia lini? Tena tunayo karatasi ya babu ya kiwanja, ya Kiingereza, imechakaa, inataja malipo ya kila mwaka. Je, inathibitisha kwamba babu alikuwa mwenye ardhi na mwenye sauti katika mji? Mtoto nimwambie nini?"

Marahaba. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu limebeba maswali matatu kwa pamoja: mji ulipata lini chombo chake cha kuuendesha, watu wa Kariakoo waliingia lini humo, na karatasi ya babu ina uzito gani. Naona pia kwamba kinachokuuma zaidi ni hili la babu. Hutaki kumfanya mwongo mbele ya wajukuu zake. Nikutulize hapo kwanza: babu hakusema uongo, na mwalimu wa mwanao hakukosea, wala rafiki yako. Wanapishana kwa sababu kila mmoja akitamka "serikali ya mji" ana kitu chake kichwani.

Wengi wetu tukisikia neno halmashauri tunaona madiwani waliochaguliwa na wananchi, wamekaa ukumbini wanabishana kuhusu barabara na soko. Kisha tunairudisha picha hiyo nyuma miaka mia na kuuliza ilianza lini. Huko nyuma hatuikuti. Chombo cha kwanza cha mji wa Dar es Salaam kilizaliwa kama mfuko wa fedha. Swali lake lilikuwa: kodi iliyokusanywa hapa, kiasi gani kibaki hapa, na nani aamue itumike wapi? Kura ilikuja miaka karibu 60 baadaye. Kwa hiyo ukiufuata mfuko utafika 1901. Ukifuata sheria ya Mwingereza utafika 1920. Ukilifuata joho la meya utafika 1949, na ukiifuata kura ya mtu wa Kariakoo utafika 1960.

Kabla ya hapo kulikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima, chenye majumbe wake. Simulizi za pwani zinaeleza jinsi Mashomvi, wenyeji wa pwani hiyo, walivyofungamana na Wazaramo wa bara na kumtolea Pazi, kiongozi wa Wazaramo, ada kwa ajili ya ulinzi. Huo ulikuwa utawala kamili wenye taratibu zake, ingawa haukuandikwa kwenye gazeti la serikali. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar akaanza kujenga mji mpya pembeni yake, lakini alifariki 1870, na mrithi wake Barghash hakuuendeleza. Majumba mengi yakaachwa yakibomoka.

Wajerumani walipouhamishia hapa makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo, 1891, hawakuja na baraza la mji. Walikuja na ofisi ya wilaya, boma, na ofisa wake ambaye watu walimwita Bwana Shauri. Huyo alihukumu, alitoza, na alitoa vibali vya kujenga. Mwaka huohuo wa 1891 ilitoka amri ya ujenzi iliyoanza kuugawa mji kwa aina ya nyumba: ufukweni mashariki majengo ya mtindo wa Ulaya, kwingine nyumba za mawe, na mbali zaidi vibanda vya udongo na makuti. Ikumbuke amri hiyo, nitairudia, maana ndiyo iliyoamua babu yako angeishi wapi hata kabla hajazaliwa.

Halafu ikaja kodi ya nyumba na vibanda, iliyotangazwa 1897 na kuanza kutozwa mwaka uliofuata. Hapo ndipo mfuko unapozaliwa. Kuanzia 1901 serikali ya Kijerumani iliunda vyombo vya wilaya vilivyoitwa komuni. Sehemu ya kodi iliyokusanywa wilayani iliachwa kwa komuni ili igharamie barabara, masoko na mambo mengine ya mahali pale. Palikuwa na baraza dogo la kumshauri Bwana Shauri, yeye mwenyewe akiwa mwenyekiti na wajumbe wakiwa watu wa kuteuliwa. Rafiki yako ana haki ya kuita hiyo ni mbegu ya serikali ya mji, kwa maana fedha ya mahali ilianza kuwa na daftari lake.

Lakini naomba umweleze mwanao jambo moja ambalo somo la "lini ilianzishwa" hulipita haraka mno. Komuni ya Dar es Salaam haikuhusu mji peke yake. Ilishika na mashamba ya wilaya nzima, Uzaramo. Gavana wa Kijerumani, von Götzen, alipotaka pamba, kuanzia 1902, komuni hiyohiyo ndiyo iliyotumika kuendesha mashamba ya pamba ya lazima. Maakida, yaani wasimamizi wa serikali walio juu ya majumbe, na majumbe wenyewe waliamriwa kufungua shamba kila mmoja katika eneo lake, watu wakatolewa kwa zamu kwenda kulilima, wakiacha mashamba yao wenyewe. Mapato yaligawanywa kati ya komuni, majumbe na wafanyakazi, na kilichomfikia mkulima kilikuwa kidogo kiasi kwamba kulikuwa na waliokataa kukipokea. Mwaka 1905 Maji Maji ilipoanza kule Matumbi, moto wake ulifika hadi Uzaramo. Kwa hiyo chombo cha kwanza cha serikali za mitaa katika eneo letu kimo pia kwenye orodha ya sababu za vita vile. Nilipokutana na jambo hili mara ya kwanza nilishtuka, kwa kuwa nilizoea kuiona halmashauri kama mambo ya taka na mitaro.

Baadaye Wajerumani walizivunja komuni za wilaya. Miji miwili tu, Dar es Salaam na Tanga, ilibakizwa na kupewa hadhi ya manispaa ya mtindo wa Kijerumani, kuanzia 1910. Manispaa hiyo haikuishi sana. Vita vilianza 1914, na Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji.

Hapo katikati ndipo Kariakoo yenu ilipozaliwa. Kabla ya vita Wajerumani walikwishanunua ardhi magharibi ya mji wakikusudia kuwahamishia Waafrika huko, na soko lilikwishaanza kujengwa. Waingereza walipoingia walilitumia eneo lile kama kambi ya wapagazi wa jeshi, kile kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukafanya kazi yake. Vita vilipokwisha, soko likawa soko, na mitaa iliyonyooka ikapimwa kuuzunguka.

Sasa tufike 1920. Mwaka huo ilitungwa Sheria ya Miji, na chini yake Dar es Salaam ikapata Mamlaka ya Mji. Wajumbe waliteuliwa na Gavana. Walikuwa maofisa wa serikali pamoja na wafanyabiashara wa Kizungu na wa Kihindi. Kazi zake zilikuwa usafi, barabara, masoko, leseni na vibali vya ujenzi. Usidhani lakini kwamba ilikuwa na meno. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wa serikali kuu, na jambo lolote zito liliamuliwa na serikali. Kitabu ulichosoma kinachotaja 1920 kinaihesabu hii kuwa mwanzo, nami sina ugomvi nacho, mradi msomaji ajue kwamba ilikuwa mamlaka ya walioteuliwa.

Na sasa babu. Katika mpango wa Waingereza kulikuwa na mikono miwili iliyougusa mji mmoja. Mkono wa kwanza ni huo wa Mamlaka ya Mji, uliogusa majengo, mitaro na taka. Mkono wa pili ni ofisi ya wilaya, iliyogusa watu. Mwafrika akiwa na kesi ndogo, akidaiwa kodi, akitaka kuandikisha jambo la urithi au akigombana na jirani, hakwenda kwenye Mamlaka ya Mji. Alikwenda kwa liwali, ofisa aliyewekwa na serikali kushughulikia mambo ya wenyeji, na juu ya liwali alikuwa Bwana DC, mkuu wa wilaya. Mamlaka ya Mji yenyewe aliionaje? Aliiona kama Bwana Afya anayekuja kukagua mapipa ya maji, viluwiluwi vya mbu na choo, na kuandika faini. Kijana wa Kariakoo wa wakati ule angewezaje kujua kwamba nyuma ya Bwana Afya kulikuwa na baraza linalokutana na kuandika kumbukumbu? Hakuna mtu wa mtaani kwake aliyekaa kwenye meza ile. Babu alikueleza mji kama alivyoukuta mlangoni pake, na huo nao ni ushahidi wa kihistoria, sawa na gazeti la serikali.

Kulikuwa na ugumu mwingine ambao Waingereza wenyewe hawakuumudu. Gavana Cameron, aliyefika 1925, aliamini kuwatawala watu kupitia watawala wao wa jadi. Bara, penye machifu, mpango uliweza kusimama. Kariakoo ungesimamaje? Mtaa mmoja una Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi, Mnubi na mtu wa Ngazija, wote wapangaji wa nyumba moja ya Kiswahili yenye vyumba sita. Chifu wa nyumba hiyo ni nani? Liwali alikuwa jibu la haraka kwa swali lisilo na jibu. Wenyeji walitafuta lao: African Association ilianzishwa hapa Dar es Salaam 1929, na chama hicho ndicho kilichokuja kuwa TANU 1954.

Nilikuahidi kurudi kwenye amri ya ujenzi. Waingereza waliirithi sura yake na kuugawa mji kanda tatu, ambazo watu waliziita kwa majina ya wazi: Uzunguni, Uhindini, na upande wa Kariakoo na Ilala. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na kuandika ubaguzi wa rangi waziwazi kwenye sheria kungeleta maswali. Kwa hiyo kanuni zilizungumzia jengo: kanda hii nyumba iwe ya kiwango hiki, yenye nafasi kiasi hiki kuizunguka, na kanda ile nyumba ya udongo na makuti inaruhusiwa. Mwenye mshahara wa kibarua asingeweza kujenga nyumba ya kiwango cha kanda ya kwanza hata angeishi maisha mawili. Hivyo kanuni haikumtaja mtu, lakini bei ya tofali na bati ilimpeleka kila mtu mahali alipokusudiwa. Katikati ya Uhindini na Kariakoo likaachwa eneo la wazi, Mnazi Mmoja, kwa hoja ya afya, mbu na malaria. Watoto wanaocheza mpira pale leo wanacheza juu ya mstari wa mpaka.

Miaka iliyofuata naipita upesi. Baada ya Vita vya Pili ilitungwa sheria mpya ya manispaa, 1946, na chini yake Dar es Salaam ikawa manispaa 1949, yenye baraza, madiwani na meya. Hicho ndicho alichofundishwa mwanao, na ni sahihi kabisa kama mwaka wa kupata hadhi ya manispaa chini ya Mwingereza. Baraza hilo lilikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa fedha na wafanyakazi kuliko Mamlaka ya 1920, na Waafrika walikuwamo, ila madiwani wa mwanzo waliteuliwa na Gavana, na Waafrika walikuwa wachache katika mji ambao wao ndio waliokuwa wengi.

Kura ilikuja 1960. TANU ilishinda, na Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji na mshairi anayejulikana kila penye vina na mizani, akawa meya wa kwanza Mwafrika. Mwaka uliofuata nchi ikapata uhuru na Dar es Salaam ikawa jiji. Ukiniuliza "sisi tuliingia lini", jibu langu ni hapo. Walioingia kabla waliingizwa na mtu mwingine.

Kuna jambo moja zaidi la kuuliza nyumbani kabla hujafunga hesabu na babu. Je, aliyasema yale akikumbuka ujana wake wa miaka ya 1930, au alikuwa akisimulia miaka ya 1970? Kuanzia 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, serikali ilizifuta halmashauri, za miji zikiwamo, na kazi zao zikachukuliwa na mikoa na wilaya. Hali ya miji ikawa mbaya, kipindupindu kikaingia, na 1978 ikatungwa sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji kwa muda, kisha sheria kamili ya 1982. Kwa hiyo kuna wazee wanaosema "mji haukuwa na halmashauri" wakiwa na maana ya miaka hiyo, nao wako sahihi pia. Kumbukumbu za wazee mara nyingi hutuletea vipindi viwili katika sentensi moja, na njia ya kuvitenganisha ni kuuliza: alikuwa anafanya kazi gani wakati huo? Alilipa kodi kwa rupia au kwa shilingi? Mtoto gani alikuwa mgongoni? Rupia iliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwa hiyo neno hilo peke yake linaweza kukupa muongo.

Tuje kwenye karatasi. Hapa nitasema wazi, hata kama jibu halitakufurahisha lote. Kwa sheria ya ardhi ya 1923 ardhi yote ya Tanganyika, isipokuwa ile iliyokwisha kuwa milki ya watu kihalali, iliwekwa chini ya Gavana. Mtu wa Kariakoo alipewa kiwanja kwa ruhusa ya kukikalia na kujenga, mara nyingi kwa muda mfupi wa kurudiwa mwaka hadi mwaka, akilipa ada ya kiwanja. Nyumba ilikuwa yake. Ardhi chini ya nyumba haikuwa yake. Karatasi inayotaja malipo ya kila mwaka inafanana sana na ruhusa ya aina hiyo, au stakabadhi yake. Inathibitisha kwamba serikali ilimjua babu kwa jina na kwa namba ya kiwanja, na hilo si dogo, kwa maana wapangaji walio wengi hawakuandikwa popote. Haithibitishi umiliki wa moja kwa moja, wala haithibitishi kwamba alikuwa na sauti katika mji. Alilipa bila kuulizwa fedha hiyo itumike wapi.

Nakwambia haya nikiwa sijaiona karatasi yenyewe, na neno moja kwenye kichwa chake linaweza kubadilisha tafsiri nzima. Kwa hiyo itunze kwanza. Usiipige plastiki ya moto kama watu wanavyofanya na vyeti, maana joto lile huiharibu karatasi kuukuu na haitolewi tena. Iweke bapa, katikati ya karatasi safi, mbali na unyevu, na uipige picha pande zote mbili, nyuma ikiwamo, kwa kuwa mihuri na sahihi za malipo mara nyingi ziko nyuma.

Ukitaka historia, nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, pale Upanga, Mtaa wa Vijibweni. Kuna majalada ya Wajerumani na ya Waingereza. Nenda na namba ya kiwanja, jina la mtaa kama ulivyoitwa zamani, na jina la babu kwa tahajia zote unazoweza kufikiria, kwa sababu makarani waliandika walivyosikia. Usikate tamaa siku ya kwanza. Jalada la mtu mmoja mara nyingi limelala ndani ya jalada la mtaa mzima.

Lakini kama nyuma ya swali hili kuna mgogoro, ndugu hawapatani, au kuna mtu anataka kununua nyumba, au hati ya sasa haioneshi jina mnalolitegemea, basi hilo si la mwanahistoria. Peleka nakala kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri yenu, ambayo kwa Kariakoo ni Jiji la Dar es Salaam, iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi 2021, na umwone wakili kabla ya kusaini chochote. Kama mirathi ya babu haijafunguliwa mahakamani na msimamizi hajateuliwa, anzeni hapo, kwa sababu bila msimamizi hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuizungumzia nyumba ile, hata mkubwa wenu.

Mtoto mwambie hivi: kwenye mtihani aandike 1949, na aongeze maneno "ilipata hadhi ya manispaa". Halafu mkae na shangazi au mzee yeyote aliyebaki wa rika la babu, mumsomee majina haya, liwali, Bwana Afya, Mnazi Mmoja, na umwachie mwanao kalamu aandike atakayoyasikia.